Waliosoma Guu

Kofi la kwanza lilimkuta kaka yangu Heritier bado ameshika kasia. Alikuwa ndiyo kwanza amerukia majini, maji yanamfika magotini, anavuta pua ya mtumbwi kuupandisha mchangani pale mwalo wa Katonga. Thobias alitokea ubavuni akamzaba la sikio, na kabla Heritier hajageuka kuona ni nani, akazabwa la pili.

"Kakileta chombo mwenyewe!" Thobias akapiga kelele. "Jamani njooni! Mwizi kakileta mwenyewe!"

Mimi nilikuwa nimekuja kwa miguu kutoka kwetu Bangwe, nimebeba sufuria ya chakula kichwani. Heritier alikuwa anapiga kasia karibu na ufuko, nami nafuata njia ya juu, tunaonana na kuitana. Nilipofika mchangani watu walikuwa wameshamzunguka.

Ziwa lilikuwa bado limefungwa ili samaki wapumzike. Wakati huo vyombo vyote hulala mchangani. Kwetu dagaa huvuliwa kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati. Ziwa likifungwa, miti hufunguliwa, na kila mtumbwi unazibwa nyufa na kupakwa rangi peke yake. Na kwa kuwa ni miwili, wenye vyombo wa mwaloni kwetu hupenda kuugawa msemo, nusu huku na nusu kule. Ukiukuta mtumbwi mmoja umelala peke yake na nusu ya maneno, nusu nyingine unajimalizia mwenyewe moyoni, unapita.

Faustini, mwajiri wa Thobias, alikuwa na mitumbwi ya namna hiyo. Mmoja uliandikwa ASIYESIKIA LA MKUU, wa pili HUVUNJIKA GUU. Huo wa pili uliibwa wiki iliyotangulia. Wengine walisema umeshavushwa Kongo, wengine walisema umefichwa huku huku. Faustini alikuwa hali wala halali, kwa sababu ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa, na mtumbwi mmoja hauvui dagaa.

Baba yetu, aliyevuka zamani kutoka Kongo, naye alikuwa na msemo huo huo, ulioandikwa na fundi yule yule. Ila baba alikuwa kilema. Zamani chombo kilipokuwa kinavutwa ufukoni kilimkanyaga mguu, na toka hapo akatembelea mkongojo. Alipokwenda kwa fundi wa rangi alimwambia, "Neno guu sitaki kuliona kwenye chombo changu. Niandikie moyo." Basi mtumbwi wake wa pili ukaandikwa HUVUNJIKA MOYO. Baba alipofariki, mtumbwi wa kwanza ulikuwa umeshaoza. Huu wa pili tuliufunika kwa makuti ya michikichi nyuma ya nyumba, ukakaa miaka. Sasa Heritier alikuwa amekubaliana na mvuvi wa hapo Katonga, Wilfred, waunganishe mtumbwi wake na wetu. Asubuhi hiyo Wilfred alikuwa amekwenda Mwandiga kutafuta miti ya kuunganishia. Angekuwepo, angesema.

"Kimenyanyuka chenyewe kikaja kwako, siyo?" Faustini alikuwa amefika, anahema. Ni mtu mnene, na siku ile alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Mzee Faustini, shikamoo," Heritier alisema, mkono sikioni. "Hiki ni cha baba. Cha marehemu. Soma ubavuni, pameandikwa moyo."

Faustini aligeuza shingo. Alitazama ubavu wa mtumbwi kama mtu anavyoitazama nyumba yake mwenyewe.

"Huvunjika guu," akasema. "Unanifundisha kusoma chombo changu?"

"Pameandikwa moyo!"

"Huvunjika guu!" Thobias akadakia, naye ametazama. "Hata mtoto wa chekechea anajua. Asiyesikia la mkuu huvunjika nini? Huvunjika moyo? Nyie Wakongomani mna methali zenu?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu watu wakishacheka pamoja mkono unakuwa mwepesi. Mmoja alimpiga Heritier ngumi ya mgongo. Mwingine akamvuta shati likachanika. Heritier alijaribu kurudi kwenye maji, akashikwa nywele, akavutwa kifudifudi mpaka mchanga ukamwingia mdomoni.

"Mwizi gani analeta chombo asubuhi kweupe?" alisema huku anatema.

"Jeuri!" mtu akajibu, akampiga teke la mbavu. "Huyo ndiyo mwizi mwenye jeuri!"

Nilitua sufuria. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata mnadani dagaa wangu humpa Mama Elida aniuzie kwa sababu yeye ana sauti. Lakini nilisema, "Pameandikwa moyo. Tazameni vizuri."

Walitazama, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hawakukataa kutazama. Watu kama kumi waliinamisha vichwa wakatazama ubavu wa mtumbwi wetu, herufi kubwa za samawati zenye kivuli chekundu, na wote wakaona guu. Jicho lilifika kwenye HUVUNJIKA, na methali yenyewe ikamalizia. Methali wanaijua tangu wananyonya. Haikuwahitaji wafike mwisho.

"Huyu dada naye anaona maruerue," kijana mmoja alisema.

"Ni dada yake huyo. Mtoe hapa."

Nikasukumwa, nikaangukia nyavu.

Pastory, mwenyekiti wa mwalo, alikuwepo. Alisimama mikono nyuma, anasema, "Jamani, taratibu. Jamani." Halafu akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, lakini likatuponza. Alisema aitwe Leodgar, fundi rangi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika vyombo vyote vya pale. Yeye atajua kazi yake.

Leodgar alikuja na brashi mkononi, rangi nyeupe inadondoka. Ni mzee mpole. Sijawahi kusikia amegombana na mtu. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, sasa tumepona.

Alichuchumaa. Akapitisha kidole juu ya herufi, karibu kuzigusa.

"Huu mkono wangu," akasema. "Hii H yangu. Na kivuli hiki hakuna mwingine anakiweka hapa Katonga."

"Soma, fundi," Faustini akasema.

"Huvunjika guu."

Alikuwa anatazama ubao. Naapa alikuwa anatazama ubao wakati anasema hivyo.

"Mzee Leodgar!" Heritier alilia kutoka chini. "Baba alikuja kwako na mkongojo! Alikukataza guu!"

Leodgar alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, methali hii nimewaandikia wengi. Wote huvunjika guu."

Alisema kweli kama alivyoiona. Mkono uliokwisha kuandika neno mara nyingi hauulizi tena jicho. Lakini kwa wale vijana maneno yake yalikuwa hukumu. Faustini aliinua mikono juu. "Mmesikia! Mmesikia wenyewe!"

Sijui nani alianza. Sauti ilitoka nyuma: "Chombo chenyewe kimeshatoa hukumu! Guu!"

"Guu!" wakaitikia.

"Guu! Guu! Guu!"

Waliimba kama wanavuta wavu. Thobias akaushika mguu wa kulia wa Heritier kwenye kifundo, akaulaza juu ya ukingo wa mtumbwi wa baba, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Mwingine alimkalia kifuani. Wa tatu akaokota mti mzito wa kuunganishia mitumbwi. Heritier hakuomba tena. Alinitafuta kwa macho, akaniona, akasema, "Siwema, geuka."

Sikugeuka. Mti ulishuka mara moja ukateleza, ukamchuna nyama ya ugoko mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Mara ya pili haukuteleza. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Baada ya hapo ndipo ukelele wake ulipotoka, na ndege wote waliokuwa wametua kwenye vichanja vya kuanikia dagaa wakaruka.

Nilidhani wametosheka. Lakini damu ikishaonekana kila mtu anataka naye awe amefanya kitu. Mmoja alimkanyaga vidole. Mwingine alimpiga kasia usoni, jicho la kushoto likafumba na halikufumbuka. Kisha Faustini akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mpelekeni akafie kwao. Kalemie ni ng'ambo tu hapo."

Wakaleta kamba. Wakaleta mawe yale yenye tundu yanayofungwa kwenye nyavu ili zizame. Wakaanza kumfunga mawe kiunoni na shingoni, na vijana wawili wakaenda kushusha boti ya injini.

Pastory bado alikuwa anasema jamani.

Nilipokuwa shuleni, kabla sijaacha, nilikuwa msomaji mbaya. Mistari ilinichanganya. Mwalimu alinionyesha kuziba maneno yote kwa kiganja na kuacha moja tu, nikishalisoma ndiyo nisogeze mkono. Wenzangu walikuwa wanamaliza ukurasa mimi nikiwa bado mstari wa kwanza. Hadi leo nasoma hivyo. Na pale mchangani, wakati wanafunga jiwe la tatu, nilijiona nimefungua kitenge changu kiunoni. Nilibaki na gauni. Nikakimbia nikakitandaza juu ya ubavu wa mtumbwi, nikalifunika neno HUVUNJIKA lote, nikalala juu yake ili upepo na watu wasikiondoe.

Nilipigwa. Mtu alinipiga teke la nyonga, mwingine akanivuta nywele zangu za kusukwa mpaka nikahisi ngozi inaachia. Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo upande wa pili. Nilimwona Pastory karibu, nikautoa mkono mmoja nikamdaka suruali.

"Mwenyekiti! Soma hiki tu!"

"Dada, niache."

"Hapa pana neno moja tu limebaki. Soma hilo moja! Mimi niue, lakini soma!"

Sijui kwa nini alisoma. Labda alitaka nimwachie suruali. Aliinama, na safari hii hapakuwa na kitu mbele ya neno cha kumsomea. Ikabidi asome mwenyewe, herufi kwa herufi, kama mimi.

"Mo," akasema. "Moyo."

"Sema kwa sauti!"

"Moyo. Pameandikwa moyo."

"Nini?" Mama Elida alisogea na beseni lake kichwani. Naye aliinama. "Moyo. Eh! Wallahi ni moyo hii. Leodgar, njoo utazame kazi yako."

Leodgar alikuja. Alitazama lile neno moja. Brashi ikamtoka mkononi, akajiziba mdomo kwa kiganja chenye rangi, na rangi nyeupe ikambaki usoni.

"Yule wa mkongojo," akasema. "Jamani. Baba wa mkongojo!"

Mtu akasema nitoe kitenge. Nilikiondoa. Mstari wote ukawa wazi kama ulivyokuwa tangu asubuhi, na watu wale wale wakatazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza tena kuliona guu. Walilitafuta. Niliona macho yao yanakwenda na kurudi. Kelele ziliisha. Tulikuwa tunamsikia Heritier anavyopumua, na maji, na boti ya injini waliyokuwa wameshaiwasha ikinguruma bure.

Nilimtazama Faustini. Midomo yake ilicheza. Alikuwa amesoma. Hapo angesema neno lolote, hata "nimekosea" moja, nadhani mambo yangekwisha kwa polisi na kwa aibu. Lakini mbele yake alilala mtu mwenye mguu uliovunjika na mawe shingoni, na yeye ndiye aliyeagiza. Alikwenda pale mafundi walipokuwa wanachonga mbao, akachukua tezo, akarudi, akaanza kulichonga lile neno.

Alichonga kwa nguvu zote. Vipande vya mbao vyenye rangi ya samawati viliruka vikaanguka mchangani. M ilikwenda. O ilikwenda. Alikuwa anatokwa na jasho, shati la kanisani limemganda mgongoni.

"Faustini baba," Mama Elida akasema, pole pole, kama anasema na mtoto, "si umesema chombo chako hiki? Jina la chombo chako unalichongea nini?"

Aliendelea kuchonga.

Hapo watu wote wakaelewa, hata wale waliosimama mbali na hawakusikia Pastory anasoma.

"Ametupaka damu huyu," Thobias akasema. Alikuwa anajitazama viganja. "Mimi nimemshika mtu mguu kwa sababu yake."

"Thobias, wewe ni mtu wangu," Faustini akasema bila kugeuka.

"Mtu wako?"

Thobias ndiye aliyepiga wa kwanza. Alimpiga kwa kasia lile lile la Heritier, kisogoni. Faustini aliyumba, akageuka na tezo, akalizungusha, likamchana kijana mmoja mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Ukelele ukatoka. Kisha ikawa kama asubuhi imeanza upya, makofi, ngumi, mateke, na vicheko havikuwepo tena. Faustini alirudi kinyumenyume majini, anapunga tezo, anasema, "Mimi! Mnanipiga mimi!"

Watu watatu walimkimbilia Heritier na visu. Wakakata kamba. Nilidhani wanamfungua, nikaanza kuwashukuru, nikasema, "Asanteni kaka zangu." Walikuwa wanachukua mawe.

Waliyatupa kutoka mchangani. Yale mawe ya nyavu ni ya kuzama, hayana mchezo. La kwanza lilimpata Faustini begani, la pili sikuliona lilimpata wapi, lakini tezo lilianguka majini. Nilisema, "Mwacheni." Nilisema kweli. Lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha, na mikono yangu ilikuwa imejaa mguu wa kaka yangu. Nilikuwa naufunga kwa kitenge, damu inatoka hata hivyo, ya moto na nyingi.

"Nibebeeni!" niliita. "Jamani, mtu mmoja tu, nibebeeni!"

Hakuna aliyegeuka. Wote waliokuwa na mikono walikuwa na kazi ya mikono. Heritier alifungua jicho lake moja.

"Wanampiga nani?"

"Faustini."

Alifumba. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na nilipomshika shingoni ilikuwa baridi kama samaki. Nikajua nikikaa pale nikingoja watu wachoke, nitabaki na maiti.

Leodgar ndiye aliyekuja. Aling'oa mlango wa kibanda chake cha rangi kwa mikono, misumari ikalia, akauburuta mpaka tulipo. Tukamlaza Heritier juu ya mlango. Yeye alishika mbele, mimi nyuma, na Mama Elida akatupa beseni lake akashika ubavuni. Tulipanda ule mlima wa kwenda barabarani tukianguka na kuinuka. Leodgar alilia njia nzima bila kutoa sauti, chozi linapita kwenye rangi. Nyuma yetu kelele ziliongezeka, kisha zikakatika ghafla. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Dereva wa bajaji alipomwona alikataa. "Simbebi mwizi. Wataichoma bajaji yangu."

"Si mwizi," Leodgar akasema. "Mimi ndiye nimeandika. Si mwizi."

Dereva hakuelewa maneno hayo, lakini aliuona uso wa mzee, akatufungulia.

Heritier hakufa. Daktari alisema damu ingeendelea kutoka mpaka adhuhuri asingefika jioni. Jicho la kushoto limebaki na ukungu. Mguu umewekwa chuma. Faustini walimtoa majini siku ile ile akiwa maiti, na polisi walipofika mwaloni wakauliza nani alirusha, kila mtu alisema yeye alikuwa kwenye vichanja. Mtumbwi wake ulioibwa haujaonekana mpaka leo.

Wiki ya pili Thobias alikuja wodini. Alikuwa na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni muda mrefu, mgonjwa wa kitanda cha kwanza akamuuliza anamtafuta nani, Thobias akanyoosha kidole kitandani kwetu. Mimi nilisimama. Nilitaka kumwambia atoke.

Heritier alimtazama kwa jicho moja.

"Karibu," akasema.

Thobias alisogea, akaweka machungwa sakafuni. "Kaka Heritier, nimekuja... Tumesema nije. Wote wa mwaloni tumesema."

"Ulipiga au ulishika?"

"Nini?"

"Mguu. Sikuona vizuri. Wewe ulipiga au ulishika?"

Thobias alitazama chini. "Nilishika."

"Basi njoo ushike," Heritier akasema. "Nataka kwenda msalani, na dada yangu hawezi peke yake. Pole pole. Chini ya goti, siyo hapo. Ukiudondosha nitakufa."

Thobias alipiga magoti kando ya kitanda. Aliingiza mikono yake miwili chini ya ule mguu, na Heritier akauma meno. Nilipita upande wa pili, nikamshika kaka yangu kwapani, na tukamwinua.